Jina la Anayebisha

Shemeji yangu Caren alipiga simu nikiwa shambani kwetu Uriri, napalilia mahindi. Hakunisalimu.

"Shem, wamemfanya muuaji."

"Nani?"

"Yule mama wetu wa mlango. Wametoa filamu nyingine ya kueleza alitoka wapi. Eti alikuwa anawapa watoto sumu! Nimetoka hapo ukumbini sasa hivi, nimekasirika mpaka nimesahau mwavuli ndani."

Nikamwambia ni filamu tu. Akasema, "Kama ni filamu tu, basi sawa. Jumapili Bonface anaonyesha zote mbili, na ile ya Benta itasemwa na Maroa. Mimi nimekuambia."

Akakata. Nikaweka jembe chini.

Naandika haya kwa sababu nimeona jinsi watu wanavyosahau, na mimi pia ni mtu. Benta alikuwa mke wangu. Alizaliwa Sori, kwenye ziwa. Mimi ni Mkisii niliyelelewa Uriri, na tulikutana Oyugis. Huko tulifanya kazi miaka mingi katika ukumbi wa video wa Bonface, nyuma ya soko. Benta alikuwa dijei wa filamu. Alikaa karibu na skrini na maikrofoni, akawaeleza watu kwa Kiswahili, na Kijaluo kidogo pale palipouma, yale ambayo watu wa kwenye filamu walikuwa wakisema kwa lugha zao. Mimi nilikuwa ubavuni mwake, kwenye mitambo. Kazi yangu ilikuwa sauti: kuishusha anapoongea na kuipandisha akinyamaza.

Madijei wengi hurekodi, wakauza. Benta hakurekodi. Alisema kila filamu mbele ya watu, upya. Alikufa mwaka jana, mvua za masika zikiwa zinaanza, kwa ugonjwa wa figo, na sina sauti yake mahali popote isipokuwa kipande kimoja kilichorekodiwa kwa simu, alichonitumia Caren. Ndani yake mnasikika kicheko cha watu na mtoto wa mtu fulani akilia. Benta mwenyewe hasikiki.

Filamu iliyomfanya ajulikane ilikuwa ya zamani, kutoka huko Asia. Ni nchi gani hasa, hatukuwahi kujua. Maandishi ya kwenye kasha lake yalifanana na vibanda vidogo vilivyojengwa vibaya. Benta aliiita *Anayebisha*, na jina hilo likashika Oyugis nzima.

Filamu yenyewe ni mlango. Kuna nyumba kando ya shamba la mpunga, na mtoto mchanga anayelia bila kukoma. Kila jioni mtu anabisha hodi mlango wa nyuma. Wakifungua, wanakuta kizingiti kimelowa maji na patipati moja, ndara ya mpira. Wakati mwingine unaona mkono, wakati mwingine nywele. Uso huoni. Baba anapigilia mbao. Anaitwa mzee mwenye kengele, anazunguka nyumba akiimba, anaondoka amechoka. Mtoto analia, mlango unabishwa. Mwisho, mama wa mtoto anabaki peke yake, anang'oa mbao zote kwa mikono, anafungua mlango, anakaa chini na kuinama kwenye sikio la mtoto. Anamnong'oneza kitu. Husikii ni nini. Mtoto ananyamaza. Na yule mama aliyekuwa akibisha anauvuta mlango kwa nje, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto aliyelala. Imekwisha. Hakuna aliyeelezwa lolote.

Huko ilikotengenezwa labda watu walitoka wakikuna vichwa. Oyugis hakuna aliyekuna kichwa, kwa sababu Benta aliwaeleza jambo ambalo kila mtu ukumbini alilijua tangu kwa bibi yake. Mtoto akilia bila homa, bila tumbo, mchana na usiku, kuna marehemu anataka jina. Bibi anakaa naye, anataja majina ya waliokufa, mmoja mmoja. Jina likiwa lenyewe, mtoto ananyamaza, na hilo ndilo ataitwa. Kwa hiyo yule mama hakuwa shetani. Benta alisema ni shangazi wa nyumba hiyo, aliyekufa kabla ya kuolewa, akazikwa nje ya ua, na hakuna aliyempa mtoto jina lake. Ndiyo maana alibisha nyuma. Alikuwa wa nyumba hiyo, akiomba kuingia.

Na mwisho, mama akiinama, Benta alitaja jina. Hapa ndipo palipokuwa na ujuzi wake. Kila onyesho lilikuwa na jina lake. Kabla ya filamu kuanza alikaa mlangoni akisalimiana na watu, akijua nani ametoka kuzika, nani bado amevaa nguo ya matanga; na ule mnong'ono ukifika, alitaja jina la marehemu wa mtu mmoja mle ndani. Alilisema kwa sauti ya chini sana, nami nilikuwa nimeshusha spika zote. Mtoto ananyamaza. Unasikia mtu mmoja, mahali fulani gizani, anavuta pumzi. Mwanamume mzima alinijia siku moja akaniambia, "Dada yangu ameingia ndani." Hakuwa mlevi.

Sasa Maroa, dijei mpya wa Bonface, angekuja kusema ni muuaji.

Alhamisi nilikuwa Oyugis. Bonface alinikaribisha vizuri, akanipa soda, na akaniwekea hiyo filamu mpya mchana, ukumbi ukiwa mtupu, tukiwa sisi watatu: yeye, mimi na Maroa.

Niseme wazi kuhusu filamu hiyo, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na nimechoka kujibu kwa upole.

Inaanza na uso. Ile ya kale inakukalisha mpaka mwisho bila kukuonyesha uso wa yule mama. Hii inakutupia uso kabla hujapata pa kuweka miguu, tena umepakwa weupe kama mtu aliyeangukia gunia la unga wa muhogo. Halafu kelele. Paka anaruka, spika zinalia gwaa! Sufuria inaanguka, gwaa! Mtu anafungua kabati, ndani hamna kitu, gwaa! Ni kama kukaa na mtu anayekudunga kidole mbavuni kila mara halafu anakuuliza kama umeogopa.

Na maelezo! Kwa nini nywele zimelowa? Alisukumwa kisimani. Kwa nini anabisha mlango wa nyuma? Alikuwa yaya, na yaya hakuruhusiwa mlango wa mbele. Kwa nini patipati ni moja? Hata hilo limeelezwa. Kuna sehemu nzima ya patipati, na muziki wake. Aliyetengeneza filamu hii aliitazama ile ya kwanza akaona matundu, akaenda kutafuta udongo wa kuziba kila tundu. Hakujua kwamba sisi tulikuwa tukiingilia kwenye hayo matundu.

Kuna mahali pamoja pazuri, sitaki kudanganya. Yaya anamwogesha mtoto kwenye beseni na kumwimbia, na jua limeingia dirishani. Nikawaza, Benta angenyamaza hapa awaache wasikilize. Lakini mara yaya akatoa kichupa cha sumu kwenye kanga yake, na spika zikalia gwaa.

"Mkubwa, unaonaje?" Maroa aliniuliza taa zilipowaka. Maroa ni Mkuria wa upande wa mpakani, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na shingo yake. Kazi anaiweza. Filamu za ngumi anazisema mpaka watu wanasimama juu ya mabenchi.

"Ina kelele," nikasema.

"Ya kutisha lazima ipige kelele! Ile yenu ya kale watu wanasinzia. Unaona mlango. Unangoja, unangoja, unaona mlango tena. Hata seremala angechoka, mkubwa."

Bonface akacheka mpaka soda ikampalia. "Omera, ndugu yangu," akaniambia, "kijana ana ukweli kidogo."

"Watu walilia kwa huo mlango, Bonface. Wewe ulikuwepo."

"Walimlilia Benta. Si mlango." Kisha akaona alichosema, akaanza kupanga mabenchi yaliyokuwa yamepangika tayari.

Maroa hakuona chochote. Alikuwa ameshavuta kiti karibu nami, macho yanang'aa. "Na sikiliza sasa uzuri wake. Ile ya kale haisemi mama wa mtoto ananong'ona nini, sivyo? Watu wamekaa miaka hawajui. Sasa tunajua! Hii mpya imemtaja muuaji jina." Akalitamka, jina refu la huko kwao, kisha akalitamka tena kwa namna nyingine. "Pepo ukimjua jina, unamkemea, anatoka. Kama kanisani tu. Kwa hiyo Jumapili mama akiinama, mimi namkemea kwa jina lake, toka! Mtoto ananyamaza, mlango unafungwa, paa! Watu watapiga makofi mpaka Kosele."

"Benta alitaja jina la marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini, mkubwa? Si filamu ni moja?"

Benta angemweleza kwa maneno machache, na Maroa angecheka na kuelewa. Mimi maneno yangu huja siku ya pili, nikiwa shambani, wakati hakuna wa kuambiwa. Nikamgeukia Bonface nikamwomba jambo moja: aanze na ile ya kale, hii mpya ije baadaye, wenye kutaka kubaki wabaki.

"Lakini inaitwa *Anayebisha: Mwanzo*," Bonface akasema. "Mwanzo nitauweka mwisho? Watu watasema nimezeeka."

"Ukiianza hii, wataingia kwenye ile wakimwogopa."

"Sasa omera, filamu ya kutisha, watu wasiogope?"

"Wasimwogope yeye."

Walitazamana. Niliona wananihurumia, na hakuna kitu kinachoniudhi kama hicho. Tangu mazishi, nikisema jambo lolote, hata kwamba chai haina sukari, watu wananitazama hivyo.

"Sikia," Bonface akasema kwa upole wa kumsemesha mgonjwa. "Jumapili ukae kwenye mitambo kama zamani. Maroa aseme, wewe ushike sauti. Benta angefurahi."

Benta asingefurahi hata kidogo. Lakini nikakubali, kwa sababu nilijua kama sitakuwepo, jioni hiyo yule mama atafukuzwa kama mwizi na hakutakuwa na mtu hata mmoja wa kusema hapana.

Nililala kwa Caren. Kesho yake nilikaa kwenye kibanda chake cha dagaa wa omena sokoni, na kila aliyepita alikuwa na la kusema. Mmoja akaniambia hii mpya ina rangi kali. Mwingine akasema ya kale ilikuwa fupi. Fundi viatu akanieleza, mimi, kwamba kwenye ile ya kale jina lililotajwa mwisho lilikuwa Nyasuguta.

"Nyasuguta alikuwa mama yako," nikamwambia.

"Ndiyo. Hata mimi nilishangaa walijuaje huko Uchina."

Hakuwa anatania. Nikamtazama Caren, naye akajifanya anapepeta omena. Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo lenyewe. Oyugis nzima iliamini kwamba Benta alikuwa akisoma tu kilichoandikwa. Kila mtu alikuwa na filamu yake kichwani, na kila filamu ilikuwa na jina tofauti mwishoni, na hakuna aliyewahi kukaa na mwenzake wakalinganisha.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wasabato walikuwa wamemaliza Sabato yao jana yake, Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka misa wakiwa na viatu vya kanisani. Mbele kabisa alikaa Susana, bibi aliyekuwa akiuza vyungu, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe kwa sababu hayaamini mabenchi ya Bonface. Sote tunamwita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo.

Filamu mpya ikaanza. Uso ukatokea, gwaa, watu wakapiga kelele na kucheka. Maroa alikuwa katika hali nzuri, akitania, akiiga sauti ya paka. Mpaka pale kwenye beseni mambo yalikuwa shwari. Kisha kichupa kikatoka kwenye kanga.

"Sasa mnamwona," Maroa akasema, "yaya anamtilia mtoto sumu..."

"Uongo!" mtu akaita kutoka nyuma.

"Jamani, tazameni mkono wake."

"Hiyo ni dawa ya tumbo!" Hii ilikuwa sauti ya Caren.

"Dijei, soma vizuri!"

"Nasoma hivyo hivyo ilivyo! Ni filamu, si mimi!"

"Ile ya kwanza ilisema ni shangazi," Dani Susana akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayemrekebisha mjukuu. "Alikufa hajaolewa. Huyu hapa ni mtu mwingine. Wamekosea mtu."

"Dani, ile ya kwanza haikusema hivyo. Ni dijei alisema."

"Benta alikuwa anasoma, mtoto wangu. Wewe unabahatisha."

Ukumbi mzima ukaitikia. Maroa akanigeukia, jasho limemtoka. "Mkubwa, waambie! Wewe unajua!"

Nilijua, ndiyo. Ningeweza kusimama niseme: Benta alibuni, shangazi hayumo, ua haumo, jina halimo. Watu wangempa sifa zake, labda. Lakini kuanzia hapo dada wa yule mwanamume asingekuwa ameingia ndani, na Nyasuguta angebaki nje, na ningekuwa nimeimaliza kazi ya Maroa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikashusha sauti ya spika, nikampungia mkono aendelee.

Alivumilia mpaka mwisho. Walimzomea kisimani, walimzomea kwenye patipati. Maskini, filamu hakuitengeneza yeye. Ilipoisha, watu hawakutoka hata kunyoosha miguu. Wakaanza kupiga mabenchi: "Ya kale! Ya kale!"

Ikaanza. Shamba la mpunga, nyumba, mtoto analia. Mlango wa nyuma: ko, ko, ko. Ukumbi ukatulia kama umemwagiwa maji. Maroa akavuta maikrofoni.

"Haya, yule muuaji wetu amerudi tena..."

Sitaandika yote aliyoambiwa. Maganda ya njugu yaliruka mpaka kwenye skrini. Mwanamume mmoja alimwambia arudi mpakani akachunge. Bonface alisimama mlangoni akipaza sauti kwamba atazima jenereta, na hakuna aliyemjali. Maroa akaitazama maikrofoni kama imemng'ata, akaniwekea mapajani.

"Shika, mkubwa. Siwezi kubishana na soko zima. Sema wewe."

"Mimi si dijei."

"Hata mimi leo si dijei. Sema!"

Kwenye skrini baba alikuwa akitoka ghalani. Maikrofoni ilikuwa na joto. Nikasema, "Huyu baba anaenda kutafuta misumari."

"Paza sauti!"

"Huyu baba anaenda kutafuta misumari!"

"Benta alisema anaenda kwanza kumuuliza mama yake," mtu akasema nyuma yangu.

Hakusema hivyo, hata siku moja. Nilikaa ubavuni mwake kila alipoisema filamu hii. "Hakusema," nikajibu kwenye maikrofoni.

"Alisema, shem," akasema Caren.

Hata Caren! Nikaendelea. Nikasema ni shangazi, wakanyamaza, wakaridhika. Nikasema alizikwa nje ya ua, Dani Susana akatikisa kichwa kukubali. Lakini hawakuniacha. Nikisema mzee wa kengele amechoka, wananiambia Benta alisema amelipwa jogoo. Nikisema mama anamwomba mumewe asipigilie mbao, wananiambia niiweke kwa sauti ya kike. Maroa alikuwa ameshika sauti mahali pangu na kila nikianza kuongea anaipandisha. Nilimkanyaga mguu, akaishusha. Nilisahau sehemu nzima ya mvua. Nilikohoa katikati ya maneno. Benta alikuwa akiwabeba watu hawa kama maji kwenye beseni, hata tone halimwagiki, na mimi nilikuwa nikiwaburuza, nao wananiburuza, na kwa namna fulani filamu ikawa inakwenda.

Kisha mama akabaki peke yake. Akang'oa mbao. Hapo hapakuwa na la kusema, nami nikashukuru. Akafungua mlango. Akakaa chini. Mtoto analia. Akaanza kuinama.

Ukumbi wote ukawa kimya, na katika ukimya huo nikaelewa wanangoja nini. Kila mmoja alikuwa akingoja jina lake. Fundi viatu alikuwa akingoja Nyasuguta. Mkono wangu ulikuwa kinywani na maikrofoni ndani yake, na jina lilikuwepo. Lilikuwa moja tu. Mle ndani hakukuwa na aliyefiwa kuliko mimi, na Benta angekuwa mlangoni siku hiyo angeliona hilo kabla sijaketi.

Sikulitaja. Niseme kwa nini, kwa maana ndilo jambo ninalotaka kulikumbuka sawasawa. Nilikuwa nimeiona filamu hiyo mara zisizohesabika, na siku zote nilikuwa upande wa mtoto: nilitaka anyamaze, watu wapumzike. Siku hiyo nilikuwa upande wa mlango. Nilijua jina likitajwa, mtoto atanyamaza, na yule mama atauvuta mlango polepole na kwenda zake, na filamu itakuwa imekwisha. Sikutaka aende. Acha abishe. Acha mtoto alie mpaka kesho. Mtu anayebisha bado yupo.

"Taja!" mtu akaita.

"Taja, bwana, atainuka!"

"Ni Nyasuguta!"

"Nyasuguta wapi, ni Akumu!"

"Akumu hakuwemo kwenye hii!"

Wakaanza kugombana, jina juu ya jina, kila mtu na wake, na mimi nimekaa katikati kama gogo. Maroa akaninong'oneza, "Mkubwa, midomo yake inacheza tayari. Sema chochote."

Ndipo Dani Susana akainuka kwenye kigoda chake. Ana mgongo uliopinda, hainuki hivi hivi. Hakuomba maikrofoni. Aliielekea skrini, na kivuli chake kikaangukia sakafu ya nyumba ile, karibu na mtoto.

"Benta," akasema.

Kelele zikakatika. Mtoto akanyamaza. Najua angenyamaza tu, ndivyo filamu ilivyo, angenyamaza hata Dani angetaja jina la mbuzi. Lakini alinyamaza hapo hapo, jina likiwa bado mdomoni mwake. Nikasikia mtu anavuta pumzi gizani, na ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi. Mlango ukavutwa. Polepole. Ukafungwa.

Bonface akawasha taa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliinuka wakatafuta viatu vyao na watoto wao. Mimi nilikuwa nimekasirika sana. Nilimfuata Dani Susana alipokuwa akiokota kigoda, nikamwambia, mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu mwenye umri wake.

"Nani alikutuma umtaje?"

Alinitazama. Hakunihurumia, namshukuru kwa hilo. Alionekana amechoshwa nami.

"Mtoto alikuwa analia, Ombati," akasema. "Ulitaka tukae tu tumsikilize?"

Akaniwekea kigoda mkononi nimbebee mpaka nje, nami nikakibeba. Jua lilikuwa bado kali. Caren alikuwa ameupata mwavuli wake na hakuwa akitaka kuongea na mtu.

Niliporudi kuchukua koti langu, Maroa alikuwa akikunja nyaya, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akafika mwisho wa waya, akaukunjua tena.

"Mkubwa. Watu watairudia hii Jumapili ijayo, Bonface ameshatangaza. Ya kale peke yake. Mimi nitaisema." Akaninyooshea kidole kabla sijafungua mdomo. "Shangazi. Nimesikia. Shangazi, nje ya ua, jogoo wa mzee wa kengele."

"Hakuna jogoo."

"Yumo sasa. Lakini mwisho, pale, nitataja nani?"

"Sijui. Hujui nani atakuja."

"Kwa hiyo najuaje?"

"Uliza, Maroa! Unakaa mlangoni, unasalimia watu, unauliza habari za nyumbani. Unanyamaza wakikujibu. Ni vigumu hivyo?"

Nilikuwa nikipiga kelele. Yeye alikunja waya mpaka ukaisha, akauweka juu ya spika, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Habari za nyumbani, mkubwa?" akasema.

Nilikuwa na koti mkononi na nilitaka kuondoka. Nikavuta benchi, nikakaa, nikaanza kumweleza kuhusu figo za Benta.